Mwiba, Senene na Harufu ya Sufuria

Msimu wa senene uliopita, mpwa wangu aliamka alfajiri nyumbani kwetu Kamachumu, wilayani Muleba. Hakuvaa viatu. Nani anakumbuka viatu wakati senene wametua kwenye nyasi? Alikimbia kibanjani, akapita chini ya mlimau, na mara nikasikia, "Yalaa!" Mwiba ulikuwa umemwingia kisiginoni.

Tuliutoa. Lakini kufikia jioni kisigino kilikuwa chekundu. Kilikuwa cha moto. Kilikuwa kimevimba, na kilipwita kama kingoma kidogo.

"Mjomba," akaniuliza, "mwiba umeshatoka. Mbona kisigino ndiyo kwanza kinavimba?"

Ah, mwanangu! Watu wazima wangapi wamechomwa na miiba wasiulize swali hilo? Njoo ukae hapa karibu nami. Na wewe unayesoma, kaa pia.

Ngozi yako ni ua unaozunguka nyumba. Ua ukiwa mzima, wa nje hukaa nje. Mwiba ukipita, ua umetoboka. Tena mwiba hauingii peke yake. Unaingia na udongo, na ndani ya udongo wamo bakteria, wadogo hata macho hayawaoni. Sisi tuliutoa mwiba. Wao walibaki.

"Na ndani ya ua hamna mtu?"

Wamo! Chini ya ngozi wanaishi walinzi wasiohama, usiku na mchana. Ni seli zinazoitwa makrofaji. Mlinzi akimgusa mgeni asiyemjua, hapohapo anapiga yowe: Njooni huku! Njooni huku, kuna mgeni!

"Kwani seli ina mdomo?"

Swali zuri sana hilo. Haina mdomo. Yowe lake ni protini ndogondogo anazozimwaga pembeni yake. Protini hizo zinaitwa kemokini. Mwili wa binadamu una aina zaidi ya 40 za kemokini, na kila aina ina wale inaowaita. Ile maarufu inayowaita askari wa kwanza kufika, yaani seli fulani nyeupe za damu, ilitambuliwa mwaka 1987. Mjomba wako alikuwa tayari anakimbia peku kwenye kibanja hikihiki.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye utamu. Jioni ile mama yake alikuwa amemaliza kuwanyonyoa senene mabawa na miguu. Akawaweka kwenye sufuria na chumvi, bila mafuta, kwa sababu senene wana mafuta yao wenyewe. Wakaanza kuchirizika mafuta. Nikamfunga mpwa wangu macho kwa kanga, nikamzungusha mara tatu uani, nikamwambia, "Haya, nenda kwenye sufuria."

Akasimama. Akanusa. Akachechemea hatua tatu kuelekea kwenye migomba, harufu ikapungua. Akageuka. Hatua mbili, harufu ikaongezeka. Hatua nyingine, ikaongezeka tena. Mwisho mkono wake ukagusa mlango wa jiko.

"Umejuaje?"

"Kila nilipokaribia, harufu ilizidi."

Basi, mwanangu, umeshaielewa kemokini! Pale kwenye jeraha ni nyingi. Mbali na jeraha ni chache. Seli nyeupe ya damu haina macho wala pua, lakini mwili wake wote umejaa vipokezi, kama viganja vidogo vinavyoonja. Upande unaoonja kemokini nyingi zaidi, huko ndiko inakotambaa.

"Ni kama senene wanavyofuata taa kule Bukoba mjini?"

Karibu, lakini siyo sawasawa. Senene anaiona taa kutoka mbali. Seli haioni chochote. Inaonja tu, inapiga hatua, inaonja tena. Mimi naona seli ina kazi ngumu kuliko senene.

Sasa tumwachie askari mwenyewe aseme.

"Mimi naitwa neutrofili. Nilizaliwa ndani ya mfupa. Kwa siku moja mwili wa mtu mzima unazaa ndugu zangu kama bilioni 100. Mimi ni mdogo: tukijipanga foleni, sabini hivi tunaenea kwenye milimita moja. Jioni ile nilikuwa safarini kwenye mshipa wa damu, kama abiria wa haisi itokayo Bukoba kwenda Muleba. Tulikwenda kasi. Mara barabara ikapanuka, na damu ikapunguza mwendo. Ukutani mwa mshipa kulikuwa na ndoano za kunata, nikawa nanaswa na kuachiwa, nanaswa na kuachiwa, nikabiringika polepole kama gari kwenye matuta. Hapo nikazionja kemokini zimeng'ang'ania ukutani. Njooni huku! Njooni huku, kuna mgeni! Nikapiga kelele: konda, shusha!"

Na akashuka. Lakini mshipa hauna mlango. Alijibana, akawa mwembamba kama uzi, akapenya katikati ya seli za ukuta. Kisha akaanza kutambaa. Milimita moja, ambayo kwako si kitu, kwake ni safari ya saa nzima na zaidi.

Umeona sasa? Mishipa ilipanuka ili askari wafike, ndiyo maana kisigino kilikuwa chekundu na cha moto. Maji ya damu yalivuja kupitia kuta zilizolegea, ndiyo maana kilivimba. Uvimbe ule haukuwa adui, mwanangu. Ilikuwa nyumba iliyojaa majirani waliokuja kusaidia.

"Mjomba, nani aliyewaona, kama ni wadogo hivyo?"

Aliyewaona alitumia mwiba! Mwaka 1882, mjini Messina, Italia, mwanasayansi Élie Metchnikoff alichukua vichanga vya kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota. Miili yao inaonyesha ndani kama kioo. Akawachoma miiba ya waridi, kisha usiku hakupata usingizi. Alfajiri akatazama kwenye hadubini: seli zilikuwa zimejazana kuuzunguka mwiba. Mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich. Yote yalianza na mtu kuuliza kama wewe.

Askari wakifika, huwameza bakteria. Wengi wao hufia hapohapo, na usaha mweupe unaouona ni pamoja na miili yao. Uheshimu. Halafu makrofaji hufagia uwanja, na yowe linanyamaza.

Linapaswa kunyamaza. Kuna watoto ambao ngozi yao inaendelea kuita njooni huku, njooni huku, hata mwiba haupo. Majirani wanajaa bure, ngozi inawasha, inakuwa nyekundu na inakwaruka. Ukurutu mara nyingi ni hivyo. Hauambukizi, kwa hiyo usimkimbie mwenzako darasani kwa sababu ya ukurutu. Madaktari wana dawa za kulituliza yowe hilo.

Kisigino cha mpwa wangu kilipoa siku ya nne. Nawe mwiba ukikuingia, mwambie mtu mzima autoe kwa kifaa safi, kisha osha jeraha kwa maji safi na sabuni. Usikamue usaha kwa kucha. Na ukiona wekundu unapanda mguuni, au mwili unapata homa, sema siku hiyohiyo upelekwe zahanati, na huko waulize kama chanjo yako ya pepopunda imekamilika.