Fimbo ya Kwanza ya Kuvulia Mto Tana: Kweli au Si Kweli?

Garissa ni mji wa ngamia na ng'ombe, na soko lake la mifugo linajulikana hadi ng'ambo ya mipaka. Hata hivyo, Mto Tana, ulio mrefu kuliko mito yote ya Kenya kwa takriban kilomita 1,000, unapita hapo hapo chini ya daraja, kisha unateremka kuelekea Masalani na baharini. Ndani yake mna kambare, ambao Wakenya wengi huwaita mumi, mna ngege na mikunga, na kule chini karibu na delta mna kamongo. Wamunyoyaya na Wapokomo wamevua humo vizazi na vizazi.

Siku hizi hata mtu mzima aliyekulia kwenye maziwa na nyama anatamani kuvua siku ya mapumziko. Washauri wake wa kwanza huwa ni muuzaji wa Nairobi au Mombasa na video za kwenye simu. Ushauri wao si mbaya, ila mwingi unahusu maji mengine. Hizi hapa kauli tisa zinazosikika sana, na hukumu ya kila moja kwa mtu atakayesimama ukingoni mwa Tana.

1. Bila fimbo na rili huvui samaki.

Si kweli. Mvuvi wa Tana huvua kambare kwa mshipi wa mkononi, ndoana, chubwi na kipande cha chambo, na familia inakula. Rili yenyewe ni kifaa cha kale: mchoraji wa Kichina Ma Yuan aliichora mikononi mwa mvuvi mnamo mwaka 1195. Faida ya fimbo na rili ni mbili. Unarusha chambo mbali bila kukaribia maji, na samaki mkubwa akivuta, mshipi haukukati vidole. Kwenye mto wenye mamba, faida ya kwanza peke yake inatosha kulipia gharama.

2. Fimbo ikiwa ndefu zaidi ndiyo bora zaidi.

Nusu kweli. Fimbo ya futi 12 hurusha mbali, na ndiyo maana wavuvi wa ufukweni mwa bahari huipenda. Lakini kingo nyingi za Tana zimefunikwa na mathenge na vichaka vingine, na huwezi kuizungusha nyuma bila kunasa matawi. Nayo ya futi 5 itakulazimisha usogee majini. Chukua ya futi 7 hadi 8, ya vipande viwili, yenye ugumu wa wastani. Soma maandishi yaliyo juu ya mpini: uzito wa kurusha uwe kati ya gramu 15 na 40 hivi, kwa sababu mkondo unahitaji chubwi ya kutosha kushika chini.

3. Kaboni ni bora kuliko faiba.

Si kweli kwa anayeanza. Kaboni ni nyepesi na humpa mvuvi hisia ya kila mguso, lakini ikigongwa kwenye jiwe au kubanwa na mlango wa gari hupata ufa usioonekana, kisha huvunjika siku ya samaki. Faiba ni nzito kidogo, hupinda sana na husamehe makosa. Fimbo itakayosafiri juu ya mizigo ya basi au nyuma ya pikipiki iwe ya faiba, au ya mchanganyiko wa hizo mbili. Tena kaboni hupitisha umeme, kwa hiyo radi ikianza kunguruma, iweke chini uondoke.

4. Fimbo inayochomoka kama antena ya redio inamfaa msafiri.

Nusu kweli. Inaingia kwenye begi, hilo halina ubishi. Shida ni mchanga na vumbi la Garissa, ambavyo huingia kwenye maungio, vikayasaga na kuyakwamisha. Ukishainunua, ifute kila kipande kwa kitambaa kabla ya kuikunja. Ikiwa bado hujalipa, ya vipande viwili itadumu zaidi.

5. Rili yenye beringi nyingi ndiyo imara.

Si kweli. Idadi ya beringi huandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi kwa kuwa inauza. Beringi nne nzuri zinashinda kumi za ovyo zitakazoshika kutu baada ya kuingiwa na maji ya matope. Anayeanza anahitaji rili ya spuli isiyozunguka, ile inayoning'inia chini ya fimbo. Muundo wake ulipata hataza mwaka 1905 kwa jina la Mwingereza Alfred Holden Illingworth, na hadi leo ndio rahisi kujifunza. Saizi ya 3000 au 4000 inatosha, ingawa namba hizo hutofautiana kidogo kati ya watengenezaji. Rili ya kulala juu ya fimbo iache kwanza: kidole kikichelewa kuzuia spuli wakati wa kurusha, mshipi wote hujisokota.

Dukani, fanya majaribio matatu. Zungusha mkono wa rili polepole usikie kama unakwaruza. Legeza breki, kisha vuta mshipi: utoke kwa mwendo mmoja, usiruke-ruke. Mwisho, pitisha kipande cha pamba ndani ya kila pete ya fimbo. Pamba ikinasa, pete ina ufa na utakata mshipi. Na kama unatumia mkono wa kushoto, usikubali kuuziwa rili maalumu kwa bei ya juu, kwani mkono wa rili nyingi za aina hii huhamishwa upande wowote.

6. Mshipi mnene ndio unaoleta samaki mkubwa.

Si kweli. Mshipi mnene haurushiki mbali, na mkondo huusukuma kirahisi. Nailoni ya milimita 0.35 hivi, yenye nguvu ya kilo 8 au karibu na hapo, inatosha kwa kambare wengi utakaokutana nao. Kinachomshinda samaki mkubwa ni breki. Funga mshipi kwenye mizani ya kuning'iniza, vuta kwa fimbo, na urekebishe breki ianze kuachia kwenye kilo 2, yaani robo ya nguvu ya mshipi. Jaza spuli mpaka ibaki nafasi ya milimita 2 au 3 kufika ukingoni. Uzi wa kusuka usubiri: hauvutiki, hukata ngozi, na mafundo yake huteleza kwa asiyezoea. Rangi isikusumbue, kwa kuwa Tana iliyobeba udongo haimwonyeshi samaki rangi ya mshipi.

7. Jua huharibu mshipi.

Kweli. Miale ya jua hudhoofisha nailoni, na Garissa joto hupita nyuzi 35 mara nyingi. Usiache fimbo juu ya paa wala nyuma ya kioo cha gari. Kabla ya kila safari, kata mita mbili za mwanzo ufunge ndoana upya. Mshipi wa bei nafuu uliokaa miezi kadhaa dirishani mwa duka usiuchukue hata kwa bure.

8. Nunua seti ya nzi bandia kama ya kwenye video.

Si kweli kwa Garissa. Seti hiyo imeundwa kwa trauti, samaki wa maji baridi na maangavu. Trauti waliletwa kutoka Uskoti mwaka 1905 wakatiwa kwenye Mto Gura huko Aberdare. Gura unaingia Tana, lakini maji yakifika Garissa yameshakuwa ya moto na ya udongo. Kambare hutafuta chakula kwa harufu na kwa ndevu zake. Mpe minyoo, utumbo wa kuku au kipande cha samaki, kikae chini kwa chubwi.

9. Fimbo ndogo haihitaji ruhusa, na ukingoni ni salama.

Si kweli, mara mbili. Uvuvi nchini Kenya unasimamiwa na sheria ya mwaka 2016 ya usimamizi na maendeleo ya uvuvi, kwa hiyo pitia ofisi ya uvuvi ya kaunti uulize kibali kinachokuhusu. Ukiwa karibu na hifadhi kama Arawale, waulize pia Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS). Kumbuka kwamba ng'ambo ya daraja, Madogo, uko Kaunti ya Tana River.

Kuhusu usalama, mamba huvizia pale pale maji yanapokutana na nchi kavu, na kiboko hataki mtu asimame katikati yake na mto. Simama mita kadhaa nyuma, juu ya ukingo, pamoja na mwenzako, na uondoke kabla ya giza hata kama kambare hula vizuri usiku. Usipasulie samaki majini. Ndoana ikinasa kwenye gogo, kata mshipi. Misimu ya mvua angalia pia kiwango cha mto: mafuriko ya Novemba 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024 yalifika hadi barabara ya Madogo.

Hukumu kwa ufupi: fimbo ya faiba ya futi 7 hadi 8 ya vipande viwili, rili ya saizi 3000 au 4000, nailoni mpya ya kilo 8. Pesa itakayobaki itumie kwa ndoana na chubwi za akiba, maana mto utazichukua nyingi. Na kabla ya kulipa, pitia kwa wavuvi wa Madogo au Mororo uwaulize ni samaki gani anayetoka msimu huu na kwa chambo gani. Wao ndio wanaoyajua maji utakayovua, na ushauri wao hauna bei.