Kaaga na Habari za Mbwaa

Msafiri wa pwani afikaye Kaaga, kando ya mji wa Meru, asitafute ngome kama Fort Jesus. Nilichokiona huko ni msitu wa Imenti, na ndani yake Ziwa Nkunga, lililotuama katika shimo la volkano ya kale, ambalo Wameru hulitukuza tangu zamani. Lakini lililonigusa zaidi ni masimulizi. Wazee husema wahenga wao walitoka Mbwaa, kisiwa cha pwani, wakikimbia utumwa wa Nguo Ntuni, yaani wavaa nguo nyekundu. Baadhi ya wataalamu hukitaja Manda, jirani na Lamu. Basi, ndugu msomaji, twendapo Meru twende kama jamaa, na tuyasikilize hata yale yanayotuhusu sisi.