Huduma ya Kwanza Mbali na Hospitali

Boti za abiria ziondokazo mwalo wa Kibirizi kuelekea kaskazini hupita kando ya Hifadhi ya Gombe, mahali pasipofikika kwa barabara. Mtu aumiapo huko, au mvuvi wa dagaa azamapo usiku, Hospitali ya Maweni iko mbali kwa safari ndefu ya maji. Wa kwanza kumhudumia ni mwenzake wa chomboni. Ndiyo maana mafunzo ya huduma ya kwanza, kama yale yatolewayo na Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania, yanawahusu manahodha na wavuvi kuliko hata wakazi wa mjini.

Somo lenye uzito zaidi ni la kuzama. Kumning'iniza mtu kichwa chini au kumkamua tumbo ili atapike maji humpotezea dakika za uhai, na matapishi huweza kuingia mapafuni. Asiyepumua hulazwa chali juu ya kitu kigumu, hupuliziwa pumzi tano mdomoni huku pua imebanwa, kisha katikati ya kifua hukandamizwa mara 30 kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Hufuata pumzi mbili, na mzunguko huo hurudiwa bila kukoma. Kazi hii huchosha upesi. Mtu mmoja aliyefunzwa katika boti nzima hatoshi.

Aliyeumwa na nyoka hachanjwi wala hakazwi kamba: kiungo hutulizwa kwa gango, naye hubebwa, asitembee.

Vikundi vya wavuvi vinavyotaka kujifunza viulizie kwa mtendaji wa kata.