Kupooza Nyumba Bila Kumaliza Uniti: Mambo ya Kuangalia Kabla ya Kununua Kiyoyozi

Kuanzia Desemba hadi Machi, joto la mchana jijini Dar es Salaam hupita nyuzi 30 za Selsiasi, na unyevunyevu wa bahari hulifanya lihisiwe kuwa kali zaidi. Katika kipindi hicho kaya nyingi hununua vifaa vya kupooza nyumba, mara nyingi kwa kuangalia bei ya dukani pekee. Gharama kubwa, hata hivyo, huja baadaye kupitia mita ya LUKU.

Hesabu yake si ngumu. Uniti moja ya umeme ni wati 1,000 zinazotumika kwa saa moja. Feni ya dari ya wati 60 ikiwashwa saa 8 kila usiku hutumia takriban uniti 14 kwa mwezi. Kiyoyozi kinachovuta wati 1,000 kwa muda huohuo kinaweza kufikisha uniti 240, ingawa kwa kawaida hutumia pungufu kwa kuwa kompresa hupumzika chumba kikishapoa. Feni lakini haipunguzi joto la chumba. Hupeperusha hewa juu ya mwili na kukausha jasho. Kuiacha ikizunguka katika chumba kisicho na mtu ni kupoteza umeme.

Kwa anayehitaji kiyoyozi, tarakimu zenye maana zipo kwenye kibandiko cha kifaa. Kiyoyozi cha BTU 12,000 huondoa joto la wati 3,500 hivi. Kikivuta umeme wa wati 1,000, kila wati moja huondoa wati 3.5 za joto. Kikivuta wati 1,300, huondoa 2.7 tu. Tofauti hiyo hulipwa kila mwezi kwa miaka yote ya matumizi. Viyoyozi vyenye inveta, ambavyo hupunguza mwendo wa kompresa badala ya kuizima na kuiwasha, ni ghali zaidi dukani lakini huwafaa wanaoviwasha usiku kucha. Mnunuzi aangalie pia aina ya gesi. R22 inaondolewa sokoni hatua kwa hatua chini ya Itifaki ya Montreal, hivyo kiyoyozi cha mtumba chenye gesi hiyo kitakuwa kigumu kukihudumia, hata kama bei yake inavutia.

Vipoza hewa vinavyotumia maji huvuta umeme kidogo, lakini hutegemea hewa kavu. Dodoma, hasa miezi ya kiangazi, hufanya kazi vizuri. Dar es Salaam, Tanga au Unguja huongeza unyevu katika hewa ambayo tayari imeshiba, na mwenye nyumba hubaki na jasho lilelile.

Kabla ya kununua chochote, ni vyema joto lizuiwe kuingia ndani. Bati likipakwa rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya miale ya jua, dari huzuia joto linalobaki, na mti uliopandwa upande wa magharibi hukinga ukuta alasiri. Chumba cha kulala kilichoandaliwa hivyo huweza kutoshelezwa na kiyoyozi cha BTU 9,000, kikiwekwa nyuzi 25 au 26 pamoja na feni ya mwendo mdogo, na chujio lake likisafishwa kila mwezi.