Halle: Chuo kilichomsomesha Amo, kikamfukuza Wolff

Chuo Kikuu cha Halle, mashariki mwa Ujerumani, kilizinduliwa mwaka 1694, na baadhi ya watu waliokipa jina ni wale ambao kwingineko wasingepokelewa kwa urahisi.

Mmoja wao ni Anton Wilhelm Amo, mzaliwa wa Axim, katika nchi ambayo leo ni Ghana. Alichukuliwa na Waholanzi akiwa mtoto, akakabidhiwa kwa mtawala wa Wolfenbüttel. Mwaka 1727 alijiandikisha Halle kusomea sheria, na mwaka 1729, biashara ya watumwa ikiwa imeshamiri, akatetea hadharani hoja zake kuhusu haki za Waafrika waliokuwa Ulaya. Andiko hilo, kwa masikitiko ya wanahistoria, halijapatikana. Baada ya kupata shahada Wittenberg, alirudi Halle mwaka 1736 kufundisha falsafa, kisha akahamia Jena. Hatimaye alirejea Axim.

Hata hivyo, uhuru huo ulikuwa na mipaka. Mwanafalsafa Christian Wolff alipoyasifu maadili ya Wachina mwaka 1721, wanateolojia walimjia juu. Mwaka 1723 mfalme wa Prussia alimpa saa 48 za kuondoka, la sivyo anyongwe. Alirejeshwa mwaka 1740 na mfalme mpya, Frederick II.

Ni Frederick huyo huyo aliyetoa kibali kwa Dorothea Erxleben kutahiniwa Halle. Mwaka 1754, akiwa mama mwenye umri wa miaka 38, alikuwa mwanamke wa kwanza nchini Ujerumani kutunukiwa shahada ya udaktari wa tiba.