Dawa Ndani ya Vifuko vya Mafuta: Namna Inavyofanya Kazi na Hukumu Yake

Mgonjwa wa Lalago, wilayani Maswa, akipatwa na homa ya uti wa mgongo itokanayo na fangasi, hali ikiwa ngumu huenda akapewa rufaa hadi Bugando, Mwanza. Maradhi haya huwapata hasa wenye virusi vya ukimwi ambao kinga yao imeshuka, na asiyetibiwa hufa.

Dawa yake ya miaka mingi ni amfoterisini. Huua fangasi, lakini huumiza figo, na mgonjwa huitundikiwa kwa siku kadhaa. Wataalamu wakatafuta njia ya kuifikisha kwa adui bila ya kumdhuru mwenye mwili. Wakaitia ndani ya vifuko vya mafuta visivyofika nanomita 100. Na nanomita ni mita moja iliyogawanywa mara bilioni moja. Vifuko hivyo hupita katika damu vikiwa vimeibana dawa, hata vikutane na ukuta wa fangasi. Hapo ndipo dawa hutoka. Kwa hiyo figo hupata madhara machache, na kipimo kikubwa huweza kutolewa kwa mara moja.

Jambo hili lilijaribiwa Uganda, Malawi, Zimbabwe, Botswana na Afrika Kusini, na matokeo yakatolewa mwaka 2022. Wagonjwa 814 waligawanywa makundi mawili sawa. Waliopewa dozi moja ya vifuko pamoja na vidonge, walifariki 101 katika wiki 10. Waliopewa dawa ya zamani kwa siku saba pamoja na vidonge, walifariki 117. Madhara nayo yalipungua. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likaipendekeza njia hiyo.

Ama hukumu yake, upya wa kitu si sababu ya kukiharamisha. Kinachotazamwa ni mambo mawili.

Kwanza, asili yake. Sehemu kubwa ya mafuta ya vifuko hivi hutokana na soya, nayo ni tohara. Huongezwa kolesteroli, ambayo huweza kutoka kwa mnyama, hivyo kuuliza ni haki ya mgonjwa. Hata ikithibiti kuwa ni najisi, wanavyuoni wa Kishafii wameruhusu kujitibu kwa najisi isiyolevya pale isipopatikana dawa tohara ya kutosha, kwa kauli ya tabibu mjuzi na mwaminifu. Wahanafi nao hutazama kama kitu kimegeuka kabisa kuwa kingine.

Pili, manufaa na madhara. Mizani hii imepimwa kwa wagonjwa wa ardhi zetu wenyewe, nayo imeelemea upande wa manufaa.

Basi asiache mtu matibabu kwa shaka tupu ilhali roho iko hatarini. Aulize, abainishiwe, kisha atibiwe. Kuhifadhi nafsi ni miongoni mwa makusudio makuu ya sheria.

Wallahu a'lam.