Moto wa Jikoni na Kazi ya Kimea

Kutengeneza pombe ya nafaka nyumbani hakuhitaji mitambo. Sufuria, mwiko, kikaango, jiko la mkaa, chujio na mtungi vyatosha. Navyo ni vyombo vile vile vinavyopikia ugali na uji. Hata hivyo, mpishi wa pombe hukabiliwa na tatizo gumu la kikemia: moto ule ule unaoivisha nafaka waweza pia kuharibu kile kinachoigeuza nafaka kuwa sukari. Katika makala haya tutaeleza jinsi tatizo hilo linavyotatuliwa jikoni, kisha tutaona mambo ambayo moto hauwezi kuyafanya kabisa.

Hamira, ambayo ndiyo hutengeneza alkoholi, hula sukari. Nafaka nayo ina wanga, yaani minyororo mirefu ya glukosi ambayo hamira haiwezi kuikata. Kazi hiyo hufanywa na kimea. Mbegu ya ulezi, au wimbi kama uitwavyo Kenya, ikilowekwa na kuota hutengeneza vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia. Mwaka 1833 wanakemia wa Kifaransa, Anselme Payen na Jean-François Persoz, walitenga kitu cha namna hiyo kutoka katika kimea cha shayiri, wakakiita diastasi.

Vimeng'enya vya kimea hufanya kazi vyema kwenye nyuzi 60 hadi 65 hivi za Sentigredi. Joto likipita nyuzi 75 huharibika upesi, na katika maji yanayochemka havidumu. Lakini wanga mbichi ni mgumu kukatwa; sharti kwanza chembe zake zinyonye maji ya moto, zivimbe na kulainika. Wanga wa shayiri huvimba chini ya nyuzi 65, hivyo watengenezaji wa bia wa Ulaya waliweza kuchanganya kimea na maji ya moto mara moja. Wanga wa mahindi huvimba kati ya nyuzi 62 na 72, na ule wa mtama huhitaji joto zaidi. Basi joto liufaalo wanga wa nafaka zetu hukaribia kuviharibu vimeng'enya.

Busaa ya magharibi mwa Kenya yaonyesha ufumbuzi. Unga wa mahindi hukandwa kwa maji na kuachwa siku kadhaa uchachuke. Kisha hukaangwa juu ya bati au kikaango kipana hadi ubadilike rangi, na hapo wanga huiva. Ukishapoa hutiwa maji pamoja na kimea cha wimbi, ambacho hakikupitishwa katika moto ule mkali. Kwa hiyo mpishi ametenganisha kazi mbili: kuivisha kwanza, kukata minyororo baadaye. Mbege ya Kilimanjaro hufuata njia nyingine, kwa kuwa wanga wa ndizi umekwisha kugeuka sukari ndizi zinapoiva. Ulezi huongezwa baadaye.

Sukari ikipatikana, hamira huanza kazi. Gramu 180 za glukosi zikichachuka zote hutoa gramu 92 za alkoholi na gramu 88 za hewa ya kaboni dioksidi. Ndiyo sababu mtungi haufungwi kabisa: hewa hiyo ikikosa pa kutokea yaweza kuupasua.

Sasa tuangalie mipaka ya moto. Kwanza, moto wa jikoni hauondoi sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini. Mwaka 2004, huko mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafa kutokana na mahindi yaliyoota kuvu. Nafaka isiyofaa kwa ugali haifai kwa pombe wala kwa kimea. Pili, vinywaji vichachu huyeyusha zinki iliyopakwa kwenye ndoo na madebe, na zinki nyingi huleta kutapika na maumivu ya tumbo. Chungu au sufuria ya chuma kisichoshika kutu ni salama zaidi. Tatu, kuchemsha si dawa ya kinywaji kilichotiwa methanoli. Novemba 2000, mjini Nairobi, watu zaidi ya 100 walipoteza maisha kwa pombe yenye sumu hiyo, na wengine wakapofuka.

Mwalimu anayetaka kuonyesha kazi ya kimea hana haja ya kutengeneza pombe darasani. Na apike uji mwepesi sana wa mahindi, kisha aupoze hadi nyuzi 65. Unga wa kimea cha ulezi ulowekwe katika maji baridi kwa nusu saa na kuchujwa. Uji ugawanywe katika bilauri tatu: ya kwanza itiwe maji ya kimea, ya pili, maji ya kimea yaliyochemshwa kwa dakika 10, ya tatu, maji matupu. Bilauri zote ziwekwe katika sufuria ya maji yenye nyuzi 65 kwa saa moja, na kipimajoto kitazamwe mara kwa mara. Zikishapoa kabisa, kila moja itiwe tone la iodini. Ya pili na ya tatu zitageuka buluu nzito, dalili ya wanga. Katika ya kwanza buluu itafifia au kukosekana, na uji wenyewe utakuwa umelegea kama maji.

Kulegea huko kuna faida kubwa kuliko pombe. Mtoto mchanga hawezi kumeza uji mzito, na uji uliozimuliwa kwa maji hujaza tumbo lake bila kumlisha vya kutosha. Katika miaka ya 1980 watafiti wa lishe wa Tanzania walitumia unga wa kimea kulainisha uji mzito bila ya kuongeza maji. Kijiko kimoja cha kimea hutiwa uji unapopoa kidogo. Ukishalegea huchemshwa tena ili kuua vijidudu. Maarifa ya mpishi wa pombe, yakipimwa kwa kipimajoto, yaweza hivyo kumfaa mtoto asiyepata chakula cha kutosha.